Sahani Hamsini za Mama wa Kisesa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza mambo makubwa: ardhi, bei ya pamba, shule na kodi. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya sahani. Msiseme kwamba waratibu wenu wamekosa la kuandika. Mwananchi huhudhuria mkutano wa hadhara mara moja kwa mwezi, tena ikiwa ameshiba, lakini kula hula kila siku. Kwa hiyo yafaa chama cha wananchi kijue wananchi wanakula wapi, wanakula nini, na yule anayewapikia anaishi vipi.

Mwezi wa Juni, siku za Bulabo, sisi watatu wa tawi letu tulikula mahali patatu katika siku tatu. Tulikula kwenye banda la mama lishe hapa Bujora, tukala samaki Mwaloni, tukala baga mjini. Twapenda kuwaeleza tuliyoyaona, na mwishoni tutaungama jambo moja ambalo linatutia aibu.

Wasiokujua Bujora wajue kwamba ni kilima chenye mawe, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma. Hapo ndipo Padri David Clement, Mkanada, alipoanza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na vyombo vya Wasukuma, hata pakawa makumbusho. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi. Wanahama kutoka upande huu kwenda upande ule, na miguu yao ndiyo kura.

Ngoma ikianza asubuhi, saa saba njaa huuma. Kandokando ya uwanja akina mama wamepanga mafiga, masufuria yanatoa moshi, na mabenchi yamejaa. Hapo nako hakuna mwamuzi mwingine ila miguu ya watu. Sisi tulikaa kwa mama mmoja wa Kisesa ambaye tunamfahamu siku nyingi. Kwenye benchi moja tulikaa na kijana wa bodaboda, mwalimu mstaafu, na mzee mmoja mchezaji aliyekuwa bado amejifunga njuga miguuni. Hakuna aliyeuliza nani ni nani. Birika la maji ya kunawa likapita mkono kwa mkono, kisha ukaja ugali wa mhogo, sato wa mchuzi wa nyanya, na nsansa ya majani ya kunde iliyoungwa karanga. Sahani moja shilingi 3,000. Tulikula mpaka tukalegeza mikanda.

Baadaye mama akaleta bakuli la michembe iliyopikwa na karanga. Wageni wawili wa Ulaya waliosimama karibu na kamera zao wakauliza hicho ni kitu gani. Kabla mama hajafungua kinywa, mwenzetu mmoja, mtu wa chama, msomi wa chuo cha ualimu kama sisi, akajibu haraka: "Ah, hicho ni chakula cha njaa tu."

Mama akamtazama. Akasema kwa upole, "Ng'wanawane, njaa ya nani? Wewe ulikuzwa na nini?"

Yule mzee wa njuga akacheka. Sisi hatukucheka. Hebu fikirini, ndugu zetu. Kiazi kitamu ni kitu cha kuoza upesi. Bibi zetu wakakata kiazi kibichi vipande vyembamba, wakaanika juani, wakapata michembe. Wakachemsha kwanza ndipo wakakata na kuanika, wakapata matobolwa. Chakula hicho hukaa ghalani miezi mingi bila jokofu, bila umeme, bila dawa ya dukani. Nchi hii ya Usukuma ina miaka ambayo mvua haifiki, na watu wamevuka miaka hiyo kwa maarifa hayo. Kama maarifa hayo yangekuja katika kopo lenye picha na maandishi ya kigeni, mwenzetu angeyasifu. Kwa kuwa yamekuja katika bakuli la mama wa Kisesa, aliyaita njaa.

Siku ya pili tulipanda daladala mpaka mjini, tukaenda Mwaloni, Kirumba, kwa kazi ya chama. Aliyefika Mwaloni anajua: magunia ya dagaa wakavu yanapakiwa malori, mengine yakivuka mpaka kwenda Kongo, na samaki wa kila namna wako juu ya meza. Huko tulikula samaki wa kukaanga na ugali, tumesimama, maana benchi hazikutosha. Lakini pale ndipo lilipotujia swali ambalo hatujalisahau.

Sangara si samaki wa asili wa ziwa letu. Aliletwa wakati wa ukoloni, na katika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Minofu ikaenda Ulaya. Vichwa na mifupa, ambayo sisi twaita mapanki, ikabaki kwa watu wa hapa, wakaikaanga na kuila. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za samaki kuvuliwa kwa sumu. Nini kilifuata? Serikali za nchi zote tatu za ziwa zilihangaika. Wakaguzi wakaongezwa, viwanda vikasafishwa, mialo ikatazamwa, maji na barafu vikatafutwa, mpaka soko likafunguliwa tena.

Jambo hilo lilikuwa jema, wala hatulilaumu. Watu wengi walipata kazi. Lakini twauliza: mlaji wa Ulaya alipodai usafi, tulimjengea usafi. Mlaji wa Kisesa akidai usafi, tunamfanyia nini? Mara nyingi twampelekea mgambo. Banda linavunjwa kwa sababu ni chafu, na kesho mama yule yule anapika mahali pengine pasipo maji kuliko hapo pa kwanza. Yule wa mbali alipelekewa bomba na barafu, huyu wa karibu akapelekewa rungu. Je, matumbo yetu ni ya namna nyingine?

Siku ya tatu walifika wageni wa chama kutoka juu, watu sita. Sisi watatu tukawapokea. Mmoja wetu akasema kwamba haifai kuwapeleka wakubwa kwenye benchi la mama lishe, tuwapeleke mahali pa heshima. Tukaenda kwenye mkahawa mmoja wa mjini unaouza baga na chipsi, wenye kiyoyozi na viti vya rangi.

Twapenda kusema kweli juu ya mahali pale, maana gazeti la chama si la matusi. Kuna mambo mazuri tuliyoyaona. Bei imeandikwa ukutani, tajiri na maskini wanaisoma sawasawa. Maji na sabuni vipo. Risiti inatolewa bila kuombwa. Vijana wa kaunta, wana wa hapa hapa Mwanza, wanafanya kazi upesi na kwa adabu. Pembeni palikuwa na baba mmoja na watoto wake wawili, wanasherehekea matokeo ya mtihani, na furaha ya watoto wale ilitupendeza. Baga yenyewe ilikuwa tamu. Mtu asiwadanganye kwamba tuliila kwa huzuni.

Wala hatusemi kwamba chakula kilichotoka mbali ni haramu. Sambusa, chapati na pilau vilikuja na majahazi na biashara, na leo hakuna harusi bila pilau. Hata mahindi na mihogo vilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati karne nyingi zilizopita, na sasa twaapa kwa ugali. Chipsi mayai zimekuwa zetu mitaani, na viazi vyake vinalimwa Njombe na Mbeya na wakulima wetu. Chakula huwa cha nchi kinapolimwa na watu wa nchi, kinapopikwa nao, na fedha yake inapozunguka mikononi mwao.

Basi tukamwuliza kijana wa kaunta, viazi hivi vimetoka wapi? Akatuambia kwamba vinakuja katika maboksi, vimekwisha katwa na kugandishwa, kutoka ng'ambo. Tukakumbuka habari ya jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Januari 2022 maduka ya KFC nchini humo yaliishiwa chipsi, kwa sababu viazi vyao viliagizwa kutoka Misri na meli zilichelewa. Nchi imejaa viazi, wakulima wa Nyandarua wanatafuta wanunuzi, na wateja wanaambiwa chipsi hakuna! Watu walikasirika mno, hata kampuni ikasema itaangalia namna ya kununua kwa wakulima wa Kenya. Wala si viazi peke yake. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania hununuliwa nje. Mwaka huo huo wa 2022 vita vilipoanza Ukraine, bei ya unga wa ngano na mafuta ya kula ilipanda, na mama wa maandazi wa Kisesa, ambaye hajui Ukraine iko upande gani, akapunguza ukubwa wa andazi.

Sasa ungamo letu.

Hesabu ilipoletwa, baga na chipsi na soda kwa kila mtu ilikuwa shilingi 15,000. Watu 9, jumla shilingi 135,000. Tukatoa fedha ya tawi, tukalipa hapo hapo, tukashukuru, tukatoka.

Lakini mwezi wa Aprili tawi letu lilifanya mkutano wa siku nzima, na yule mama wa Kisesa, yule yule wa michembe, alitupikia sahani 50. Kwa bei ya shilingi 3,000 ilikuwa shilingi 150,000. Tulimpa 60,000. Tukamwambia, mama, hizi nyingine juma lijalo. Juma lile likapita, na mwezi ukapita, na mwingine. Alipokuja ofisini alikuta mwenye funguo hayupo. Alipopiga simu aliambiwa mweka hazina amesafiri. Tulikuwa na deni la shilingi 90,000 kwake siku tuliyokula baga za shilingi 135,000. Tungelimlipa yote, na bado tungebaki na shilingi 45,000, fedha ya kuwalisha wageni sato na ugali kwa sahani 15, na wale walikuwa 6 tu.

Na siku ile ya Bulabo tulipokaa kwenye benchi lake, alitupakulia kama wengine, akapokea fedha yetu ya siku hiyo, wala hakutaja deni mbele ya watu. Alitufichia aibu yetu. Sisi mwenzetu mmoja akamlipa kwa kukiita chakula chake cha njaa.

Tulipomwendea baadaye kuomba radhi, alituambia maneno haya: "Wanangu, mimi unga nilikopa dukani. Nyinyi hamkunidai mimi uvumilivu, mlimdai mwenye duka, naye hana chama." Kisha akauliza, "Na wakija tena kutuondoa kama mwaka 2021, mtakuwa upande gani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Ndugu wanachama, swali hilo lina historia. Mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, watu waliofanya biashara ndogondogo mijini walikamatwa kama wazururaji na kurudishwa vijijini. Mwezi wa Desemba 2018 wajasiriamali wadogo wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wasibughudhiwe. Mwezi wa Oktoba 2021 wamachinga na mama lishe katika miji yetu, Mwanza ikiwamo, wakaondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine. Sababu zilitolewa, na nyingine ni za kweli: mtaro ukizibwa mafuriko huja, na njia ya waenda kwa miguu si mali ya mtu mmoja. Lakini mama lishe hufuata miguu ya watu, kama ngoma ya Bulabo. Ukimpeleka mahali pasipo stendi, pasipo maji, pasipo wapita njia, ujue umemfunga kazi.

Wasomaji wengine watasema kwamba tunawasifu mno akina mama hawa. Sivyo. Wapo wanaofunga chakula cha moto katika mifuko ya plastiki, ingawa mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Wapo wanaosuuza sahani 30 katika ndoo moja. Wapo wanaopandisha bei wakiona mgeni. Mambo hayo hayafai, na wenyewe wanajua. Lakini sabuni bila maji ni kazi bure, na mtu hawezi kuchimba mtaro mahali ambapo hajui kama kesho atakuwepo.

Basi twapendekeza nini? Mambo manne.

La kwanza, chama kilipe. Mkutano wowote wa tawi ukiagiza chakula, fedha ilipwe siku ile ile kabla ya kufunga mkutano, na mweka hazina asome hesabu hiyo mbele ya wanachama. Kama fedha hakuna, chakula kisiagizwe. Tuhutubie kwa maji matupu.

La pili, wageni wetu, wawe wakubwa namna gani, wale chakula cha mahali walipofika, kwa mpishi wa mahali hapo. Mgeni akitaka baga, ni haki yake, aende kwa fedha yake mwenyewe.

La tatu, tudai kwamba mama lishe asihamishwe mpaka mahali papya pawe na maji, choo, mtaro na njia ya watu, na kwamba akina mama wenyewe wawemo katika kamati inayopanga mahali hapo. Hili chama kiliseme hadharani kabla ya rungu kufika.

La nne ni kwa akina mama wenyewe. Wazee wetu wa Usukuma waliona mizani ya wanunuzi wa pamba inawaibia. Walianza na vyama vidogo vya vijijini, wakaviunganisha, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Viktoria chini ya Paul Bomani. Mizani ikarudi mikononi mwa wakulima. Kama mkulima wa pamba aliweza, mpishi wa Kisesa aweza. Kumi wakinunua unga, mafuta na gesi kwa pamoja, watapata bei ambayo mmoja hapati, na mkaa utapungua. Serikali imesema inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034; basi mama apikaye sahani mia kwa siku awe wa kwanza kusaidiwa. Tena kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Sisi tuliokwenda shule kazi yetu ni kukaa na akina mama, kuwaandikia katiba ya kikundi na kujaza fomu. Kazi hiyo haina kipaza sauti, lakini ndiyo siasa.

Zamani katika Usukuma vijana walipolima shamba la mtu kwa pamoja, chini ya nsumba ntale wao, mwenye shamba hakuthubutu kuwaacha waende na njaa. Aliyewanyima chakula msimu ujao alilima peke yake. Chama chetu nacho ni shamba la kulimwa kwa pamoja. Tukila kwa mtu bila kulipa, msimu ujao tutalima peke yetu, na haki yetu itakuwa hiyo.

Mpaka tunaandika haya tumempelekea mama shilingi 50,000, zilizochangwa na sisi watatu kutoka mifukoni mwetu. Zimebaki 40,000. Jumamosi saa nane mchana tawi litakutana bandani kwake, si ofisini, na zitalipwa mbele ya wanachama wote. Yule mwenzetu wa chakula cha njaa ameomba mwenyewe awe wa kunawisha watu mikono. Kutakuwa na michembe.

Kila mtu aje na fedha ya sahani yake.